Safari ya Misali na Nafasi Saba Tupu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nami niseme langu kuhusu safari tuliyokwenda sisi wa Kidato cha Nne katika visiwa vya Makoongwe na Misali. Naomba hasa kwa sababu ya jambo lililotokea siku chache baadaye katika mkutano wa wazee. Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba kuwapakia watoto katika boti kutwa nzima, wakatembee msituni na kuogelea, ilhali mtihani wa taifa umekaribia, ni mchezo uliopewa jina la masomo. Watu wakapiga makofi. Sisi wanafunzi hatukuwa na ruhusa ya kusema pale, na huenda ni vizuri, maana siku ile ningesema kwa hasira. Sasa hasira imekwisha, maoni yamebaki.

Nayasema mapema ili nisimchoshe msomaji. Safari ile haikuwa mchezo, nami natamani ndugu zetu wa Kidato cha Tatu waende mwakani. Walakini ilikuwa na kosa moja kubwa, nalo silo alilolitaja mzazi yule. Boti tuliyoikodi ilikuwa na nafasi 25. Sisi wanafunzi tulikuwa 16, na walimu 2. Nafasi 7 zilikwenda tupu na zikarudi tupu. Nitaeleza kwa nini nafasi hizo zinanisumbua mpaka leo.

Kwanza niseme juu ya barua ya ruhusa. Barua yangu ilikaa nyumbani wiki mbili bila ya sahihi. Mama yangu si mtu mbishi, wala hapendi kuninyima jambo la skuli, lakini kila akiishika kalamu huiweka tena. Wapemba wenzangu hawahitaji kuelezwa sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, wakafa mamia ya watu. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Nilikuwa mtoto mdogo sana, sikumbuki kitu, ila nakumbuka nyumba ya jirani ambayo mlango wake haukufunguliwa muda mrefu. Basi mama alitia sahihi siku ya mwisho, na chini yake akaandika kwa mkono wake: "Asivue boya." Mwalimu alipoisoma alinyamaza, kisha akaikunja vizuri.

Siku ya safari tuliondoka dakhalia baada ya sala ya alfajiri. Mpishi alitufungia mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na mikate ya kumimina. Tulifika Mkoani mapema, tukakaa gatini zaidi ya saa nzima tukimngojea nahodha, ambaye alikuja bila haraka na dumu lake la mafuta mkononi, wala hakuomba radhi. Haya ni mambo ya kawaida, nayapita.

Makoongwe kiko mbele ya bandari ya Mkoani, hata ukisimama gatini wakiona. Tulikwenda kutazama popo. Nilidhani nawajua popo, maana hupita juu ya paa letu magharibi, lakini sikupata kuwatazama mchana wakiwa wamelala. Wamening'inia mitini mamia kwa mamia, manyoya yao ya rangi ya kutu, nyuso zao kama za mbwa wadogo, na kila mmoja amejifunika mabawa yake kama mzee aliyejifunika shuka. Mabawa hayo yakikunjuliwa hufikia kiasi cha mita 1 na nusu. Mwalimu wetu wa Bayolojia alitueleza kwamba popo hawa hawapatikani mahali pengine popote duniani ila Pemba, na kwamba ndio wanaosambaza mbegu za miti mingi ya misitu yetu. Walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya nyama mpaka, katika miaka ya mwisho ya 1980, wakakaribia kwisha kabisa. Kisha vijiji vyenyewe vikaanza kuwalinda, na ilipofika 2007 wakakadiriwa kuwa karibu 20,000. Mzee mmoja wa hapo aliyekuwa akitusikiliza alicheka akasema, "Nyama yake ilikuwa tamu, wanangu. Lakini sasa tumewazoea wakiwa juu." Nalitia neno hili moyoni bila ya kujua kwamba nitalihitaji.

Kutoka Makoongwe tulielekea Misali, mwendo wa zaidi ya saa moja. Ukitazama upande wa magharibi maji yanageuka rangi ghafula, kwani mkondo ulio baina yetu na bara una kina kinachofika kiasi cha mita 800. Unguja haukuachana na bara kwa kina kama hicho. Pomboo walitufuata kidogo, tukasimama wote upande mmoja wa boti mpaka nahodha akatukemea, na alikuwa na haki.

Misali ni kisiwa kidogo, chini ya kilomita moja ya mraba, wala hakina kijiji. Wavuvi hupiga dago huko siku kadha wa kadha kisha hurudi makwao. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia, nao hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Ndipo kikaitwa Misali. Nilikuwa nimeisikia hadithi hii kwa bibi yangu, lakini ni jambo jingine kuisikia ukiwa umeukanyaga msala wenyewe.

Tulitembea msituni nyuma ya mlinzi wa hifadhi. Njia ni nyembamba, na miti imeota juu ya mawe makali ya matumbawe ya kale, yale yaliyokuwa chini ya bahari zamani za zamani. Aliyevaa ndara alijuta. Tulionyeshwa mapango ambayo watu huyaheshimu, hatukuingia wala hatukupiga kelele. Tulionyeshwa ufukwe ambao kasa na ng'amba hupanda usiku kutaga. Ng'amba mmoja hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, na huyaacha mchangani kiasi cha miezi miwili mpaka yaanguliwe. Tuliona pia kaa mkubwa kuliko kaa wote niliopata kuwaona, anayeishi nchi kavu na kupanda miti, gando lake lina nguvu ya kupasua nazi. Tumbili nao hawakuwa wageni wetu, sisi ndio tuliokuwa wageni wao: tuliporudi pwani tulikuta mikate ya kumimina imepungua, na mmoja amekaa tawini anatafuna huku akitutazama kwa dharau.

Basi ikaja sehemu ile ambayo mzazi yule aliiita kuogelea.

Tuligawiwa miwani ya kupigia mbizi na mirija ya kuvutia pumzi, 10 tu, kwa hiyo tulikwenda kwa zamu. Hapo ndipo aibu ilipotupata. Kati ya wanafunzi 16 waliozaliwa kisiwani, waliojua kuogelea sawasawa walikuwa 7. Wasichana waliingia na mavazi yao ya stara, mitandio imefungwa imara, wakiishika kamba ya boya, na mwalimu wa kike kando yao. Mmoja wao, ambaye darasani hasemi mpaka aulizwe, ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka majini. Karibu nasi kulikuwa na boti ya watalii. Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akizitaja aina za samaki wetu moja moja, na mimi mtoto wa mvuvi nilikuwa nawajua kwa ladha zao tu.

Nilipoutia uso wangu majini nilisahau kupumua. Nimekulia pwani, nimepanda ngalawa kabla ya kujua kusoma, lakini bahari niliyoijua mimi ilikuwa na uso tu, haikuwa na ndani. Chini yangu kulikuwa na mji. Matumbawe mengine yamechanua kama mapembe ya paa, mengine ni mviringo kama vichwa vya ng'ombe, mengine kama meza zilizotandikwa. Vitatange wanapita wawili wawili. Chewa mmoja mnene amekaa mlangoni mwa shimo lake kama mwenye duka. Pono wanayatafuna matumbawe, na ukinyamaza wasikia sauti ya meno yao, kra, kra. Mwalimu alitueleza baadaye kwamba sehemu ya ule mchanga mweupe tuliokuwa tumeulalia imetoka matumboni mwa pono. Tulicheka, lakini ni kweli.

Alitueleza na jingine. Tumbawe si jiwe. Ni maskani ya wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wanaojijengea nyumba ya chokaa, na aina nyingi za yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Tumbawe nililoligusa kwa kidole (nikakatazwa) huenda lina umri kuliko mama yangu.

Baadaye mlinzi wa hifadhi, ambaye aliniambia kwamba naye alikuwa mvuvi, alinishika mkono akanivuta mpaka mahali pengine. Hapo hapakuwa na mji. Palikuwa na vifusi, vipande vya kijivu vimelala ovyo kama ua wa nyumba iliyobomolewa, na samaki wachache wanaopita bila kusimama. Tulipotoa vichwa majini akanieleza kwamba mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa, na hayajarudi yote. "Hilo lilitoka kwa Mungu na kwa hali ya hewa," akasema, "lakini mengine huvunjwa na nanga, na mengine huvunjwa na juya." Alisema kwa upole. Hakujua anasema na nani.

Wasomaji wenzangu, baba yangu anavua kwa juya.

Kwa wasiojua: juya ni wavu mrefu wenye tundu ndogo, unaozungushwa majini kisha ukakokotwa na watu wengi. Maji yakiwa machache, wengine husimama juu ya mwamba wakipiga kwa miti ili samaki waliojificha watoke. Mimi nilikuwa mmoja wa wapigaji hao kila likizo tangu nilipokuwa na miaka 10 mpaka nilipokuja dakhalia. Nilikuwa hodari, nikisifiwa. Kijijini kwetu hatusemi tunakanyaga matumbawe, twasema tunakanyaga mawe. Tumbawe kwetu ni lile la kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba jiwe lile liko hai, na sidhani kama alikuwapo aliyejua. Godoro ninalolalia hapa skuli, sare hii, na kalamu ninayoandikia maneno haya, vyote vimetoka katika juya lile.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani nikiwa na hotuba tayari. Nilimngojea baba amalize kula. Nikaanza kueleza habari za wanyama wadogo na sentimita 1 kwa mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niko baharini miaka 30. Wewe umekwenda siku moja." Nikasema, "Baba, lakini umepata kuangalia chini?" Akafikiri. Akasema hajapata. Katika miaka 30 hajapata kuvaa miwani. Anajua kwa mshindo wa mti kama chini ni mwamba au mchanga, anajua kwa rangi ya maji palipo na changu na palipo na tasi, lakini kuangalia hajaangalia.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Juya si lake, ni la tajiri. Wao ni watu 20 wanaogawana kile kinachobaki baada ya tajiri kuchukua sehemu ya wavu na sehemu ya chombo. Mtu anayetaka kuvua kwa mshipi au kwa madema mbali na mwamba anahitaji chombo chake na mashine. "Nikiliacha kesho," akasema, "ada ya kitu gani uanze kuikosa, godoro au madaftari?"

Nimeyaandika haya yote ili yule mzazi aliyesimama mkutanini ajue kwamba safari haikutuchezesha. Ilinitia katika neno ambalo bado sijatoka. Lakini nimeyaandika zaidi kwa ajili ya zile nafasi 7. Tulikwenda watu 16 ambao hatuna wavu, hatuna chombo, wala hatuna sauti nyumbani. Tukaonyeshwa mambo ambayo wenye kuyahitaji ni baba zetu. Kisha tukaambiwa, "Nendeni mkawafundishe wazee wenu." Mwenye kutoa agizo hilo hajakaa mkekani mbele ya baba wa Kipemba aliyechoka.

Najua juya limekatazwa na sheria za uvuvi. Baba naye anajua. Boti ya doria ikija juya hufichwa, na likikamatwa, baada ya mwezi tajiri hununua jingine. Sheria naiheshimu, lakini sheria inamwambia mtu aache, haimwonyeshi anachokivunja. Na watu wakiona hubadilika. Mzee wa Makoongwe aliyekula nyama ya popo ndiye anayewalinda sasa. Misali kwenyewe kulikuwa na mpango katika miaka ya 1990 wa kukikodisha kisiwa kijengwe hoteli, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliopinga, ndipo mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Baadaye masheikh waliitwa wazungumze na wavuvi juu ya amana aliyopewa mwanadamu ya kuangalia viumbe, na wavuvi wengi waliosikiliza mazungumzo hayo waliyakubali kuliko walivyokubali matangazo ya serikali. Nani basi asemaye kwamba mvuvi hasikii?

Shauri langu ni hili. Safari ya mwakani, nafasi zinazobaki wapewe wazazi wavuvi, watu 7 kutoka vijiji mbalimbali. Boti hukodiwa kwa bei ileile ikijaa au isijae, kwa hiyo mchango wetu wa shilingi 15,000 hauzidi hata senti, ila zitafutwe miwani zaidi. Wachaguliwe na wavuvi wenyewe, na tajiri mmoja awemo. Siku ziwe za maji mafu, wakati ambapo maji ni meupe na juya halina kazi kubwa, mtu asipoteze riziki yake. Wengine watasema wazee hawatakubali kuongozwa na watoto. Sisemi waongozwe. Asiambiwe neno, apewe miwani tu, atizame palipo pazima, kisha atizame palipovunjika, kisha apewe chai. Watakalolisema wao kwa wao wakati wa kurudi ni kubwa kuliko hotuba yangu.

Hata hivyo miwani haitamnunulia mtu mashine ya boti. Hilo la wenye madaraka, nami siwezi kulijibu katika gazeti la skuli. Nimelitaja ili asije mtu akasema kwamba baba yangu ni mharibifu kwa kupenda.

Na kuogelea nako tufundishwe. Watoto 9 kati ya 16 hawajui kuogelea, katika kisiwa ambacho kila nyumba inamkumbuka mtu wa mwaka 2011. Mama yangu ataandika "asivue boya" maisha yake yote, naye hana lawama.

Kabla ya kurudi skuli nilimwonyesha baba miwani moja niliyoazimwa na mwalimu wa Bayolojia kwa muda wa likizo. Aliivaa pale uani, wadogo zangu wakamcheka mpaka akacheka mwenyewe. Akaivua, akaifuta kwa shuka yake, akaniuliza inarudishwa lini. Nikamwambia kabla ya skuli kufunguliwa. Asubuhi yake nilipoamka baba alikwisha kwenda pwani, na miwani haikuwa mahali nilipoiweka. Aliirudisha jioni, ina chumvi kavu katika mpira wake. Hakuniambia aliona nini, nami sikumuuliza. Ila siku ya kuondoka aliniuliza mwakani boti hiyo itakwenda tarehe ngapi, na kama kweli kulikuwa na nafasi 7.

Nilimwambia nitaandika kuuliza. Ndiyo nauliza.

Mimi ni mwanafunzi wako,
Mtoto wa Mvuvi, Kidato cha Nne